Gauni la Pazia

Mwezi uliopita, kwenye darasa letu la ushonaji hapa kambini, afisa mmoja kijana wa mradi aliliangalia gauni nililolitundika ukutani, akacheka kidogo, akauliza: "Mama, hili la sinema mkimbizi atalivaa wapi?" Kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba awamu ijayo tufundishe sare za shule tu. Pale nilinyamaza. Namjibu hapa.

Gauni lenyewe ni la bibi harusi: kiuno kimebana, mikono ya puto, marinda yanamwagika mpaka chini. Mshono niliutoa kwenye vipande vya filamu ya Gone with the Wind, ya mwaka 1939, nilivyoviona kwenye simu ya mwanangu. Kitambaa ni pazia la mtumba. (Si chandarua, ndugu zangu wa afya, msianze.)

Laiti afisa angeitazama hiyo filamu! Scarlett O'Hara ni binti wa tajiri huko Georgia, Marekani. Vita vinakuja, anakimbia Atlanta inawaka moto, anafika nyumbani anakuta mama yake amefariki. Anashika kazi za shamba kwa mikono yake. Halafu anadaiwa kodi, dola 300, na mtu anayemtegemea kumpa, Rhett Butler, yuko kizuizini. Basi anang'oa mapazia ya mahameli ya kijani ya marehemu mama yake, yanakuwa gauni, anaenda nalo. Anajua ukienda na matambara unapewa pole, hela hupewi. Jamani, nani kati yetu hajaazima viatu kwa jirani siku ya usaili? Na kilichomuumbua si gauni. Rhett alimshika viganja, akaona sugu.

Kuna watakaosema filamu hiyo inapamba utumwa. Ni kweli, na kwa hilo siitetei. Marinda yale ya mabibi yalilipwa na pamba ya watumwa. Hattie McDaniel, aliyeigiza Mammy, hakuweza kuhudhuria uzinduzi kule Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mwaka 1940 akawa Mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku uleule wakamkalisha meza iliyotengwa. Lakini huyo Mammy ndiye anayetumwa kuleta sanduku la patani ili pazia likatwe. Wanafunzi wangu wakimtazama Scarlett, mimi namtazama yeye. Niko upande wa wanaotumwa.

Turudi kwenye sare. Sare inatafutwa shule zikikaribia kufunguliwa, basi. Miezi mingine cherehani inalala na vumbi. Harusi hazingoji muhula. Bibi harusi anakuja na mama yake na mashangazi watatu, wanabishana bei mpaka jua linazama, lakini wanalipa. Tena fundi aliyeweza mkono wa puto, sare anaishona huku anapiga stori. Wa sare tu, mpe huo mkono uone atakavyoharibu kitambaa cha watu.

Atalivaa wapi? Lilivaliwa Jumamosi, kwenye kanisa la turubai, matope yalipanda mpaka kwenye pindo na hakuna aliyejali. Jumatatu wamekuja wawili kuliazima. Nimewaambia walete mapazia yao.