Ini la mzee wa Gusii halitaokolewa na vidonge vya sokoni

WAZEE wa Kisii na Nyamira ni wateja wepesi wa wachuuzi wanaonadi vidonge na maji ya “kusafisha ini” masokoni na katika matatu. Swali ni iwapo fedha hizo, zitokanazo na majani chai na ndizi, zinanunua afya au zinapotea bure.

Ni kweli kwamba uzee hulipunguza ini na kiasi cha damu kinacholipitia. Aidha, chembe haribifu zitokanazo na matumizi ya oksijeni mwilini huzidi nguvu kinga ya asili. Wachuuzi hudai kuwa vitamini za vidonge ndizo dawa ya uchakavu huo. Hata hivyo, utafiti uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara nchini Finland, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa waliopewa beta-karotini waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Kirutubishi kilicho salama mbogani si lazima kiwe salama kwenye kidonge.

Maadui wakuu wa ini wanajulikana. Chang’aa huzalisha chembe hizo hizo kila ini linapoivunja. Mahindi yenye kuvu hubeba aflatoksini, sumu ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya 317 walioathiriwa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Parasetamoli ikizidishwa humaliza akiba inayolinda ini. Nayo chanjo ya homa ya ini aina ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliokuwa watu wazima wakati huo haikuwafikia.

Chinsaga na rinagu, mboga ambazo Wagusii wamezila tangu jadi, zina vitamini ambazo wachuuzi hunadi kwa bei ghali. Hata hizo si tiba ya ini lililokwisha kuugua, na zikichemshwa kwa saa nyingi kisha maji yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C.

Tangu mwaka 2013 zahanati zimekuwa mikononi mwa kaunti. Serikali za Kisii na Nyamira ndizo zinazopaswa kuwapima wazee homa ya ini, kuwachanja wasiokingwa na kuwafunza wakulima kukausha mahindi vyema. Zikinyamaza, mchuuzi ndiye atakayebaki kuwa daktari wa mzee.