Wafungulieni watahiniwa madarasa

Giza likiingia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu msimu wa mitihani, pita nyuma ya majengo ya shule uone. Wamekaa chini kwenye vumbi jekundu, migongo wameegemeza ukutani, madaftari mapajani, simu moja yenye tochi inapita mkono kwa mkono. Mwenye zamu ya tochi anasoma swali, wenzake wanajibu kwa sauti ya chini, kisha wote wananyamaza kusikiliza kama mlinzi anakuja kuwafukuza. Upande wa pili wa ukuta huo kuna madawati, kuna ubao, kuna sakafu kavu. Mlango una kufuli.

Tunasema waziwazi: hili ni kosa, na wenye kosa ni watu wazima. Miaka yote tumewaambia wanafunzi watafute sehemu tulivu wajisomee, kana kwamba utulivu ni uyoga wa masika, kwamba mtu ataingia porini na kikapu arudi nao nyumbani. Mtoto hana ubavu wa kumwambia mzee mwenye spika apunguze sauti. Ufunguo wa darasa hanao. Foleni ya maji haimsubiri. Wenye uwezo juu ya mambo hayo ni wazazi, walimu wakuu, wachungaji, viongozi wa zoni, wenyeviti wa vijiji na uongozi wa kambi, na kila mmoja wao anajua mitihani huja mwezi gani.

Tukumbushane mahali hapa ni mahali gani. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongomani waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza, wakaletwa Warundi kwa makumi ya maelfu katika kambi ambayo tayari ilikuwa imejaa, na watoto wao wengi walianza masomo chini ya miti. Kwa miaka mingi tangu hapo wameishi hapa watu zaidi ya laki moja. Nyumba ni za tofali za udongo, zimekaribiana kiasi kwamba jirani akikohoa usiku, mtoto wa nyumba ya pili anageuka kitandani. Chumba ambacho mtahiniwa anatakiwa kusomea ndicho wadogo zake wanne wanacholalia, na ndicho mama anachowekea masufuria.

Mtoto wa Kitanzania aliyebanwa na kelele za kwao ana pa kukimbilia. Atakwenda kwa shangazi yake Kasulu mjini, au kwa bibi kijijini, mwezi mmoja hadi mitihani iishe. Mtoto wa kambini hawezi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae ndani ya eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Hatujadili hapa sheria hiyo. Tunachosema ni kwamba ukishamwekea mtu mpaka, kila atakachokihitaji, utulivu ukiwemo, inabidi akipate ndani ya mpaka huo, na aliyeuweka mpaka ana wajibu wa kuhakikisha kipo.

Kuna wanaodhani mwanafunzi anahitaji kimya cha maktaba, na kwa kuwa kimya cha namna hiyo hakipo kambini, basi tuache. Hao hawajawahi kuwatazama wafinalisti wa Kikongomani wanavyosoma. Wafinalisti ni wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali ya Kongo, ule wanaouita Exetat, uliopo tangu mwaka 1967. Mtihani wenyewe ni wa siku nne, na kabla yake kuna insha. Karibu yote hayo ni kwa Kifaransa. Sasa fikiria kijana aliyezaliwa Nyarugusu. Nyumbani ni Kibembe au Kifuliiru, sokoni ni Kiswahili, kanisani Kiswahili, mpirani Kiswahili. Kifaransa anakisikia darasani tu, kwa mwalimu mmoja, katikati ya wanafunzi waliobanana. Akitaka kukishika lazima akitamke mwenyewe. Ndiyo maana alasiri utamwona mtu anatembea peke yake kando ya njia, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi, daftari limekunjwa mkononi, midomo inacheza. Anakariri kwa sauti. Anachohitaji ni mahali ambapo masikio yake yatasikia mdomo wake.

Hapo ndipo spika inapomwua. Tunaijua Nyarugusu na kwaya zake, tunajua imani ilivyowashika watu hawa mkono tangu walipovuka ziwa. Wapo waliopoteza kila kitu na kubakiwa na wimbo. Kwa heshima hiyo hiyo tunawaambia wachungaji na wazee wa makanisa: mazoezi ya kwaya yenye vinanda na vipaza sauti jioni saba za wiki, mkesha unaoanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, wiki moja kabla ya mtihani, ni kumpokonya mtoto wa muumini wenu kitu ambacho mama yake ndiye anayekiombea humo humo kanisani. Maombi hayahitaji umeme. Wiki sita kabla ya mitihani zimeni vipaza sauti, imbeni kwa koo, mikesha iende mwisho wa wiki. Kwa wenye vibanda vya video na baa hatuna maneno mengi: saa kumi na mbili jioni spika za nje ziingizwe ndani, na asiyetaka afungiwe.

Lakini kelele ni nusu tu ya jambo, na huenda ndiyo nusu nyepesi. Mvulana akikosa utulivu nyumbani anaondoka. Anakwenda chini ya mwembe, anakwenda uwanjani, anakwenda kwenye kichaka nje kidogo ya zoni anakaa mpaka herufi zisionekane. Dada yake haondoki. Saa kumi na moja alfajiri yuko bombani na madumu, akirudi awashe moto, amvalishe mdogo wake, ndipo aende shule. Akitoka shule kuna maharage ya kuchambua, na maharage hayaivi kwa dakika ishirini. Siku ya posho anakosa kipindi cha mchana kwa sababu unga lazima ubebwe. Kuni zikiisha inabidi zitafutwe, na kila mama wa Nyarugusu anajua kilichowakuta wanawake na wasichana waliokwenda kuni. Kwa hiyo ule utulivu wa porini anamosomea kaka yake, kwake ni hatari. Akibaki nyumbani ana kazi, akitoka ana hofu, na usiku anapopata nafasi ya kufungua daftari mafuta ya koroboi yameisha au betri ya tochi imekufa.

Tumemwona mmoja wao, jina lake tunalihifadhi, akisomea jikoni. Ameegemeza daftari la baiolojia kwenye mdomo wa ndoo, mwiko uko mkono wa kulia. Anakoroga, anasoma mstari, anageuka kumkemea mtoto aliyesogelea mafiga, anarudi kwenye mstari ule ule aliouacha. Kwa muda tuliokaa pale ukurasa haukufunuliwa. Matokeo yakitoka tutasikia watu wazima wakisema wasichana hawajitumi.

Kwa hiyo hukumu yetu kwa wazazi ni kali kuliko kwa yeyote mwingine, kwa sababu wao hawahitaji kibali wala mfadhili. Binti mwenye mtihani atolewe kwenye zamu ya maji na kuni mwezi mzima kabla ya siku hiyo. Kaka zake wana mikono. Baba ana mikono. Katika kaya ambazo baba na kaka hushinda kijiweni wakicheza karata huku mtahiniwa anabeba dumu la lita ishirini, aibu hiyo isitupiwe shirika lolote.

Wala tusidhani ni shida ya kambi peke yake. Toka Nyarugusu hadi barabara kuu, Makere, kisha shika njia ya Kibondo, utaikuta shida hiyo hiyo imevaa sare nyingine. Shule za kata, zilizojengwa kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ziliwasogezea watoto sekondari lakini nyingi hazina mabweni. Anayetoka mbali hupanga geto, chumba kimoja na wenzake wawili watatu, mara nyingi karibu na senta, na senta ndiko kuliko na muziki. Kasulu na Kibondo ziliungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2022 kupitia Nyakanazi, jambo la kushukuru. Umeme ukaleta taa ya kusomea, na nyaya hizo hizo zikaleta spika kubwa zaidi. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, wakati mvua zimeshaanza kwenye nyanda hizi za juu, hivyo chini ya mwembe hakukaliki, na mvua ikipiga bati mwalimu mwenyewe hasikiki. Kuna shule za huku zinazowaweka watahiniwa kambi ya masomo, wanalala shuleni na kupiga msuli usiku na walimu wao. Zinastahili pongezi. Zilizobaki zina kisingizio gani?

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwenyekiti wa kijiji hahitaji kusubiri mkaguzi wa mazingira atoke mbali kuja na kipimo. Baa iliyopakana na shule anaijua, na mwenye baa anamjua kwa jina.

Siku ya mtihani wenyewe nchi hii inajua kulinda. Bahasha zinasindikizwa na polisi wenye silaha, msimamizi anatembea kwa kunyata, mpita njia haruhusiwi kukatiza uwanja wa shule. Korea Kusini wamefika mbali zaidi: kila Novemba, katika mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, ndege hazipai wala hazitui kwa zaidi ya nusu saa ili watahiniwa wasikie vizuri sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Taifa zima linabana pumzi kwa ajili ya watoto wake. Upande wa pili kuna Conakry, mji mkuu wa Guinea, ambako mwaka 2007 dunia iliona picha za wanafunzi wamejipanga chini ya taa za maegesho ya uwanja wa ndege wa Gbessia, wakisoma usiku kwa kuwa majumbani hakukuwa na umeme. Wengi walizisifu picha zile kama ushahidi wa bidii, na bidii ilikuwepo kweli. Lakini uwanja wa ndege haukujengwa kuwa darasa. Nyuma ya kuta zetu huku nako kuna bidii ya kutosha, na hatukubali isifiwe kama njia ya kukwepa kufungua mlango.

Maana dawa ni mlango. Darasa likifungwa mchana ukiisha, lifunguliwe tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, kwa watahiniwa tu. Tutaambiwa madawati yataibwa. Kambi ina Sungusungu wake wanaozunguka usiku kucha, na zamu yao inaweza kuanzia penye watoto. Tutaambiwa hakuna taa. Baadhi ya pampu za maji za kambi hii zinaendeshwa kwa sola, jua linapandisha maji hadi kwenye matangi ya maelfu ya watu, na balbu tatu za darasa moja ni mzigo mdogo sana kwa jua hilo. Mpaka taa zije, wazazi wa zoni wachange tochi. Tutaambiwa wavulana na wasichana usiku ni hatari. Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Wasichana wapewe darasa lao, lililo karibu zaidi na nyumba za watu, mama wawili wakae mlangoni kwa zamu, na kurudi nyumbani kuwe kwa kundi, wakisindikizwa hadi kwenye njia ya zoni yao. Mwalimu mmoja kwa usiku anatosha, na walimu wa kujitolea wa kambini, ambao wengi waliwahi kusomea nyuma ya kuta hizo hizo, hatuamini kwamba wakiombwa watakataa.

Kwa mashirika yanayosimamia elimu tuna jambo moja. Mgao wa fedha umepungua, hilo kila mtu analiona hata kwenye sahani. Lakini kufungua darasa lililokwishajengwa hakusubiri mradi mpya wala mgeni wa kukata utepe. Ombi la aina hii likija mezani kutoka kwa kamati ya wazazi, lijibiwe wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, na likikataliwa itajwe sababu na cheo cha aliyekataa.

Funguo ziko kwa walimu wakuu, kwenye misumari nyuma ya milango ya ofisi zao. Viongozi wa zoni waende kesho asubuhi wakazungumze nao, waandike majina ya watahiniwa na ya mama watakaokaa mlangoni. Kesho kutwa jioni tutapita tena nyuma ya majengo yale.