Agosti ya Likoni Isiyosomeshwa

Ni ajabu kwamba mwanafunzi wa Likoni, Mombasa, aweza kueleza kwa ufasaha maandamano ya Martin Luther King kule Alabama mwaka 1965, ilhali usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, ambapo kituo cha polisi cha mtaani kwao kilivamiwa na askari sita wakauawa, husimuliwa kwa mnong'ono, na mnong'ono wenyewe hukatika pindi mgeni aingiapo barazani.

Waliodhulumiwa baadaye walikuwa raia wenye asili ya bara, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya, ambao maelfu yao walikimbilia kanisa la Kikatoliki la Likoni, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba ya mwaka uo huo. Wazee wangu hunijibu kwamba vijana wa Kidigo waliofanya mashambulizi hayo walikuwa na malalamiko ya ardhi na ajira. Walikuwa nayo, sikatai; lakini hati za mashamba hazikughushiwa na muuza mboga wa kutoka bara. Kadhalika, msako wa polisi uliofuata uliwatesa Wadigo wengi wasio na hatia, na dhulma hiyo nayo ni haki isemwe.

Tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza mapigano ya kikabila kama hayo iliundwa 1998, na ripoti yake ikafungiwa hadi 2002. Kifungu cha 39 cha katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kukaa popote nchini. Basi walimu wetu wa historia na wakisomeshe sambamba na ripoti hiyo, katika skuli za Likoni kwanza.