Usihame mtandao kwa hasira

Mwajiri akikupigia na usipatikane, anapigia mwingine. Ndiyo maana netiweki mbovu si jambo la mzaha kwa kijana anayesaka kazi. Lakini kabla ya kuhama, tulia. Tangu 2011, Kenya inakuruhusu uhame na nambari yako ileile. Shida ni kwamba ukitoka Safaricom, M-Pesa haikufuati, na mwenye nyumba, mama mboga na makanga wote wanaitisha hiyo.

Sasa fanya hivi: kama simu yako inabeba laini mbili, nunua ya pili, weka data kidogo, uijaribu wiki nzima chumbani, kazini na steji. Ikishika fiti, wape waajiri nambari hiyo. Ile ya zamani ibaki ya pesa.