Kodi ya Nyumba Si Faida: Piga Hesabu Kwanza

Wakenya wengi tukipata pesa ya maana, wazo la kwanza ni ploti. Mkopo wa Sacco, pesa za kustaafu, akiba ya chama, zote zinaishia kwa mawe na mabati. Si vibaya, nyumba haikimbii. Shida ni kwamba tunapenda kuhesabu kodi inayoingia na kusahau inayotoka. Maoni yangu ni haya: kodi ikishaingia kwa simu yako, hiyo bado si faida.

Tuchukue mfano. Una ploti ya bedsita 8 kule Juja, kila moja Sh8,000 kwa mwezi. Ukizidisha haraka haraka unapata Sh64,000 kwa mwezi, yaani Sh768,000 kwa mwaka. Kama shamba na ujenzi vilikugharimu Sh5.3 milioni, unajiambia pesa yako inazaa asilimia 14 na zaidi. Tamu, ama?

Sasa anza kutoa. Wapangaji huhama. Tuseme kila nyumba inakaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka. Hapo Sh64,000 zimeenda na umebaki na Sh704,000. Kisha:

- Ushuru wa KRA, asilimia 7.5: Sh52,800
- Keateka, Sh6,000 kwa mwezi: Sh72,000
- Fundi, rangi, mabomba na kufuli: Sh70,000
- Maji, stima ya nje na taka: Sh60,000
- Ada za ardhi za kaunti na bima: Sh25,200

Jumla ni Sh280,000. Kinachobaki ni Sh424,000, ambayo ni asilimia 8 ya pesa uliyoweka. Bado ni kitu. Lakini kama mradi wote ulijengwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 12, hizo nyumba hazijilipi. Mshahara wako ndio unazilipia.

Tuongee kidogo kuhusu huo ushuru, maana wengi huukwepa kwa kutouelewa. Tangu Januari 2024 kiwango kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kwa nyumba za kuishi zinazoingiza kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Unatozwa kwa kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama, na unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo hata mwaka ambao fundi amekula kila kitu, KRA bado inataka chake. Kama gharama zako ni kubwa sana, sheria inakuruhusu kuiandikia KRA uchague utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama hutolewa kwanza. Hapo lazima uwe na rekodi.

Basi dawa ni kupandisha kodi? Mimi nasema pole pole. Ukiongeza Sh500 kwa nyumba ya Sh8,000, mwaka mzima unapata Sh6,000 zaidi. Mpangaji akikasirika ahame na nyumba ikae mwezi mmoja bila mtu, umepoteza Sh8,000, na rangi mpya hujapaka. Mpangaji anayelipa kwa wakati ni mali. Bomba likipasuka, rekebisha wiki hiyo hiyo. Ni rahisi kuliko kutafuta mtu mwingine.

Pesa nyingi hupotea kwa mazoea, si kwa soko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari liko mfukoni mwako, ukilitumia vizuri:

Kwanza, tenga laini au Paybill ya ploti pekee. Kodi ikichanganyika na pesa ya unga na school fees, hutajua nyumba zinakulisha au wewe ndiwe unazilisha.

Pili, kila mpangaji aweke nambari ya nyumba yake kama akaunti anapolipa. Mwisho wa mwezi unaangalia taarifa tu na kujua nani bado. Keateka asishike kodi mkononi. Na usikubali ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwa simu ya mwingine. Angalia salio lako mwenyewe.

Tatu, dipoziti si yako. Katika mfano wetu, ukichukua ya mwezi mmoja kwa kila nyumba, ni Sh64,000 za watu. Iweke kwa akiba tofauti. Wapangaji wawili wakihama mwezi mmoja utawarudishia bila kukopa na bila kelele mlangoni.

Nne, kila mwezi weka kando asilimia 10 ya kodi kwa ukarabati, kabla hujagusa kitu. Tangi halingoji upate pesa ndio litoboke.

Na wewe mpangaji unayesoma hii, usidhani haikuhusu. Malipo ya simu ni ushahidi wako siku mwenye nyumba atadai hujalipa Machi. Usifute hizo jumbe.

Kabla hujachukua huo mkopo, kaa chini na kalamu. Andika kodi yote, toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi, toa ushuru, toa keateka na fundi, kisha toa riba. Kama kinachobaki kinakuridhisha, jenga. Kama hakikuridhishi, afadhali ujue sasa, kabla ya msingi kuchimbwa.