Tope la Malawi na tope la Hanang

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu misaada ya maafa. Sisemi kama mtu asiyehusika.

Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliipiga Malawi ya kusini. Usiku wa kuamkia Machi 13, mvua iliporomosha udongo na mawe kutoka mlima Soche, vikaangukia nyumba za Chilobwe, mjini Blantyre, wenyewe wakiwa wamelala. Nchini humo watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Serikali yetu ilipeleka chakula, mablanketi na mahema. Hapo tunapokunywa kahawa mzee mmoja akahoji, "Kwani hapa kwetu hakuna wenye njaa?" Wengi walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikumjibu.

Haikutimia miezi tisa. Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ikameguka. Tope, mawe na magogo vikaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mlima mwingine, nchi nyingine, lakini tope ni lile lile.

Michango ilipoanza kukusanywa kwetu, mzee yule yule alileta mablanketi mawili mapya, bado yamo ndani ya nailoni. Mimi niliyejiona mwenye huruma kumzidi nilileta koti lililochanika kwapani na mashati ambayo hata shambani nisingeyavaa. Karani alipoyatandaza mezani mbele ya watu niliona haya. Baadaye nilimwamkia mzee na kumwuliza kilichombadilisha. Akanijibu, "Mwanangu, mwezi wa tatu sikujua tope ni kitu gani."

Kwa maoni yangu kosa lake la Machi na langu la Desemba ni moja. Yeye alimwona Mmalawi kuwa ni mtu wa mbali; mimi nilimwona mtu wa Katesh kuwa ni mahali pa kutupia matambara. Jirani akifiwa hatufanyi hivyo. Tunakwenda kuchota maji na kupasua kuni, na mchango wetu unaandikwa daftarini, maana kila mmoja anajua zamu yake ipo. Wala hakuna anayethubutu kupeleka mchele wenye wadudu matangani.

Ningeshauri viongozi wa kata, yakitokea maafa popote, ndani au nje ya nchi, watangaze kwanza vitu vinavyohitajika: mablanketi, sufuria, ndoo, madaftari ya watoto. Na pale mezani awepo mtu wa kukataa matambara bila kumwonea mtu aibu. Siku ile mimi ningekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani, na ningerudi na kitu cha maana, kwa sababu kabatini kilikuwepo.

Msomaji wako,
Morogoro.