Kinga ya mtoto haiamshwi na unga wa mnadani

Ukipita mnadani au stendi ya mabasi, iwe Handeni au Korogwe, hukosi kumsikia mtu akinadi dawa ya "kupandisha kinga". Wazazi hununua, hasa mtoto anapoota uvimbe usioeleweka. Mzazi mwenzangu, kabla hujatoa fedha mfukoni, ielewe kwanza hiyo kinga.

Mwilini mwetu mna seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji. Kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Zina uwezo wa kuua seli za saratani pia, lakini haziui ovyo, husubiri amri. Amri hiyo hutoka kwa askari wengine wa kinga, seli T, ambazo zikimtambua adui hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama. Makrofaji ikiipata hubadilika: huanza kutoa kemikali zinazoidhuru seli ya saratani, na huweza kuimeza.

Saratani nayo ni janja. Baadhi ya seli zake huvaa alama inayoizuia makrofaji isizimeze. Nyingine huigeuza makrofaji kuwa mtumishi wake, isaidie kuotesha mishipa ya damu ya kuulisha uvimbe. Kwa hiyo kinga si tangi la kujazwa. Amri sahihi lazima ifike mahali sahihi.

Tiba ya namna hiyo ipo. Chanjo ya BCG, ile anayochomwa mtoto akizaliwa kumkinga na kifua kikuu, hutumika tangu miaka ya 1970 kutibu saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijazama ndani. Huingizwa kibofuni kwa mpira na kuamsha kinga papo hapo, makrofaji zikiwamo. Lakini hiyo ni kazi ya hospitali, kwa saratani hiyo. Kovu la BCG mkononi mwa mwanao halimkingi na uvimbe wa taya.

Uvimbe huo wa taya ndio unaonitia hofu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza saratani ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, na Korogwe inaijua malaria kiasi cha kuwa moja ya vituo vilivyoifanyia majaribio chanjo ya RTS,S. Kwenye darubini, uvimbe wa Burkitt hufanana na anga yenye nyota: nyota hizo ni makrofaji zikimeza seli za saratani zilizokufa. Ziko kazini, ila zimezidiwa, kwa kuwa saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ndiyo maana wiki mbili za kujaribu unga, au kung'oa jino moja baada ya jingine, ni nyingi mno. Ukiona taya la mtoto limevimba, meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza au tumbo linajaa haraka, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uulizie rufaa. Muhimbili kuna wodi ya watoto wenye saratani. Burkitt ikiwahiwa hutibika kwa dawa, na watoto wengi hupona.

Fedha ya unga ule, ifanye nauli.